UZI: Leland Hone, Mwairishi aliyeichezea Uingereza kriketi mechi moja tu mwaka 1879, kisha vurugu za Sydney zikamfungia mlango

Mzee wa Makavazi

Wakuu, heshima kwenu.

Najua jukwaa hili asubuhi Simba, mchana Yanga, usiku Ligi Kuu ya Uingereza. Leo naomba mniazime masikio nipite njia nyingine kabisa. Kuna jamaa anaitwa Leland Hone. Amezaliwa Dublin, Ayalandi, tarehe 30 Januari 1853. Kwenye orodha ya wachezaji wa timu ya taifa ya Uingereza ya kriketi jina lake limekaa kwa mstari mmoja: mechi 1, mikimbio 13, mipira aliyodaka 2. Basi. Hata wapenzi wa kriketi wa huko kwao wengi hawamjui.

Nimemchagua kwa sababu kila kitu kwenye safari yake kilikwenda kombo, cha kumwinua na cha kumwangusha. Aliingia timu ya taifa kwa upungufu wa wachezaji, akatoka kwa ugomvi ambao haukumhusu. Na wakati anacheza hiyo mechi, hakuna mtu uwanjani aliyejua kwamba ni mechi ya kimataifa kwa maana tunayoijua leo. Hilo nitalifikia.

Kwa wasiojua kriketi: timu mbili za watu 11. Mmoja anarusha mpira, mwingine analinda vijiti vitatu (wiketi) kwa gongo. Akipiga akakimbia anapata mikimbio. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, katoka. Nyuma ya vijiti anakaa mlinda wiketi mwenye glavu, huyo ndiye kipa wao. Mechi za Testi ndizo za heshima ya juu kabisa, taifa kwa taifa, siku kadhaa.

Hone alitoka familia yenye nafasi. Ukoo wa Hone wa Dublin unajulikana zaidi kwa uchoraji. Nathaniel Hone wa karne ya 18 alikuwa mmoja wa wanachama waanzilishi wa Royal Academy ya London mwaka 1768. Kijana Leland akapelekwa Uingereza kusoma Rugby School, akarudi akacheza kriketi Ayalandi, na ndugu zake nao waliichezea Ayalandi. Hakuwahi kuchezea kaunti yoyote ya Uingereza. Shikeni hilo, maana ni kama leo mtu aitwe Taifa Stars bila kugusa mpira wa ligi kuu.

Naweka nukta hapa nione kama kuna wasomaji, la sivyo nirudi kulala.

Kipa Namba Moja

Nimeweka kambi mkuu. Mimi ni kipa mstaafu wa mtaani, habari za magolikipa wa aina yoyote sizikosi.

Chai ya Rangi

Hii chai ina sukari nyingi. Mtu hajacheza ligi anaitwaje timu ya taifa? Na Mwairishi anaichezeaje Uingereza, wakati hao watu hawapikiki chungu kimoja?

Mzee wa Makavazi

Chai ya Rangi, karibu kikombe cha pili.

La Mwairishi ni jepesi. Mwaka 1879 Ayalandi yote ilikuwa chini ya taji la Uingereza, bunge likiwa London. Mtu wa Dublin aliyesoma Rugby na kucheza na klabu ya MCC ya London, kwa wakubwa wa kriketi alikuwa mwenzao tu. Hakukuwa na pasipoti ya michezo wala kamati ya uhamisho.

La kuitwa ndilo tamu. Mwaka 1878 klabu ya Melbourne ya Australia iliomba iletewe timu ya wachezaji wa ridhaa kutoka Uingereza, mabwana wasiolipwa. Aliyetakiwa kuiongoza, I. D. Walker wa Middlesex, akafiwa na ndugu yake. Kazi ikamwangukia Lord Harris wa Kent.

Sasa fikirieni tatizo la Harris. Bwana wa ridhaa hapati mshahara, na safari ya Australia ni meli, miezi na miezi. Mwenye kazi haendi. Mwenye mashamba yanayomhitaji haendi. W. G. Grace, jina kubwa kuliko yote, hakwenda. Harris akazoa waliokuwa na nafasi na hela. Mwishoni wakaongezwa wawili wa kulipwa kutoka Yorkshire, George Ulyett na Tom Emmett, maana bila hao kazi ya kurusha mipira ingewashinda mabwana.

Meli inaondoka, timu haina mlinda wiketi wa kweli hata mmoja. Naam, kipa hayupo! Glavu akapewa Hone, ambaye sifa zake zilikuwa za kupiga. Ndiyo bahati yake hiyo.

Kipa Namba Moja

Daah. Haya mambo tunayajua sisi wa mchangani. "Nani atakaa goli?" Kimya. Halafu wanamtazama aliyechelewa kufika.

Nairobi Mashariki

Wadau wa Bongo, mmetukumbuka hatimaye. Sisi Wakenya kriketi si ngeni. Mwaka 2003 tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia chini ya Steve Tikolo, na mwaka 1997 kule Kuala Lumpur, nusu fainali ya ICC Trophy (mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia), tuliwafunga hao hao Waairishi kwa mikimbio 7. Mzee endelea, lakini rekodi hiyo iwekwe hapa ukutani.

Mzee wa Makavazi

Imewekwa, ndugu yangu wa Nairobi. Tuingie uwanjani.

Melbourne, tarehe 2 hadi 4 Januari 1879. Tangazo la mechi halikusema "Uingereza dhidi ya Australia". Lilisema Mabwana wa Uingereza, pamoja na Ulyett na Emmett. Yaani hao wawili wa kulipwa walitajwa pembeni, wasichanganywe na waungwana.

Waingereza wakaanza kupiga, na hapo wakakutana na Fred Spofforth. Mrefu, mkali, mashabiki wamembandika jina la pepo mbaya. Vernon Royle akatoka. Mpira uliofuata, Francis MacKinnon akatoka. Uliofuata, Tom Emmett akatoka. Watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Ndiyo hat-triki ya kwanza katika historia nzima ya mechi za Testi, na Hone alikuwa ndani ya timu iliyotendwa.

Ubao ukasoma mikimbio 26, wachezaji 7 nje. Charlie Absolom akajitutumua akafikisha 52, Harris mwenyewe 33. Wawili hao peke yao wana 85 katika 113 za timu nzima. Hone akaja mwishoni mwishoni, akapata 7.

Australia wakajibu kwa 256, Alec Bannerman akiwa na 73. Emmett alirusha hadi akawatoa 7, na Hone nyuma ya vijiti akafunga mechi na mipira miwili mikononi. Waingereza wakarudi wakapata 160, Hone 6. Spofforth jumla aliwatoa 13. Australia walihitaji mikimbio kiduchu, wakaipata 19 bila kupoteza mtu. Ushindi wa wiketi 10.

Ubaya zaidi ni kwamba nyuma ya vijiti upande wa pili alikuwepo Jack Blackham, na wengi wanamhesabu mlinda wiketi bora wa enzi hizo. Enzi zile ilikuwa kawaida kuweka mtu mwingine nyuma kabisa ya mlinda wiketi, wa kuzuia mipira iliyompita. Blackham alikuwa miongoni mwa walioiua desturi hiyo. Alisimama jirani kabisa na vijiti, hata mrushaji akiwa mwenye kasi, na glavu zenyewe hazikuwa na unene wa hizi za leo. Watazamaji wale wale waliomtazama Blackham asubuhi, mchana wanamtazama mpigaji wa Dublin aliyevikwa glavu kwa dharura. Huwezi kumlaumu aliyecheka.

Mdadisi wa Pwani

Mkubwa, nakupa heshima yako. Lakini pahala fulani nimesoma kwamba huyu Hone ndiye Mwairishi wa kwanza kucheza mechi ya Testi duniani. Ni kweli?

Mzee wa Makavazi

Mdadisi, wa kwanza kuichezea *Uingereza*, ndiyo. Wa kwanza duniani, hapana. Tom Horan, mzaliwa wa Midleton kaunti ya Cork, aliichezea Australia kwenye mechi ya kwanza kabisa ya Testi, Machi 1877, pale pale Melbourne. Alihamia akiwa mtoto.

Na Horan alikuwepo uwanjani siku hiyo ya Januari 1879, upande wa Australia. Pamoja naye Thomas Kelly, mzaliwa wa Waterford. Kwa hiyo mechi ya tatu tu ya Testi duniani ilikuwa na wazaliwa watatu wa Ayalandi, wawili kwa washindi na mmoja kwa walioshindwa. Kwangu hii inasema mengi kuhusu Waairishi wa karne ile. Watoto wa familia zilizohama walikua Waaustralia. Mtoto wa familia ya Dublin yenye nafasi akapitia shule ya Kiingereza akaibukia upande wa pili.

Nyanya Chungu

Kaka, mimi kriketi sielewi hata nikichorewa, ila umesema vurugu za Sydney. Nimekaa hapa tangu mwanzo nasubiri vurugu. Lete ngumi.

Mzee wa Makavazi

Dada Nyanya Chungu, ngumi hizi hapa.

Baada ya Melbourne timu ikaenda Sydney kucheza na New South Wales. Mechi ya kwanza wenyeji wakashinda. Ya marudiano ikaanza Februari 7. Waingereza wakaweka 267. Wenyeji wakaishia 177, ingawa Billy Murdoch, kipenzi cha Sydney, alibaki na 82 bila kutolewa. Kwa kanuni za wakati huo, walioachwa nyuma kiasi hicho wanarudishwa kupiga tena papo hapo. Wakarudi, Murdoch akafika 10. Jumamosi hiyo, Februari 8, alipokuwa akikimbia, mpira ukarudishwa kwenye vijiti na mwamuzi akasema hajafika. Nje!

Mwamuzi mwenyewe nani? George Coulthard, kijana wa miaka 22, kutoka Melbourne. Harris ndiye aliyekuja naye, na alikuwa amechezesha pia ile mechi ya Hone ya Januari. Kwa mtu wa Sydney, mtu wa Melbourne hapendwi hata akikuletea zawadi. Ongeza kamari: uwanja ulijaa wacheza kamari waliokuwa wameweka hela kwa New South Wales, na hela hiyo sasa inaondoka na Murdoch.

Watu kama 10,000 walikuwepo, na inakadiriwa 2,000 wakaruka uzio. Harris akasimama mbele ya Coulthard kumkinga, jamaa mmoja akamchapa bwana mkubwa huyo fimbo. A. N. Hornby, mfupi lakini kichwa moto, akamkamata aliyepiga, akamburuta hadi jengo la wachezaji, shati lake likichanwa njiani. Nahodha wa wenyeji, Dave Gregory, akataka mwamuzi abadilishwe. Harris akagoma. Pia alikataa kutoka uwanjani, akihofia akitoka mechi itahesabiwa wameitelekeza. Akasimama pale pale, katikati ya zogo, mpaka saa za mchezo zikaisha.

Mwamuzi wa pili siku hiyo alikuwa kijana mwanasheria, Edmund Barton. Mwaka 1901 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Australia.

Jumatatu wakamalizia. Wenyeji wote nje kwa 49, Waingereza wakashinda bila hata kupiga mara ya pili.

Nyanya Chungu

Haya ndiyo mambo. Huyo Hornby nampenda bure.

Chai ya Rangi

Sawa, nakunywa chai yako. Ila Hone kaingiaje hapo? Yeye hakupiga mtu wala hakupigwa.

Mzee wa Makavazi

Ndipo roho ya uzi ilipo.

Pale Sydney palikuwa pamepangwa mechi nyingine ya kimataifa dhidi ya Australia. Baada ya fimbo ile Harris akaifuta. Akaondoka na timu yake kurudi Melbourne, akaandika barua kali iliyochapishwa magazetini Uingereza. Mechi ile ingechezwa, mlinda wiketi angekuwa nani kama si Hone? Hakuna mwingine kwenye kundi. Angepata ya pili, pengine angedaka zaidi, pengine angefikisha mikimbio 30 akatulia. Haikuwepo.

Athari zake zilifika mbali. Waaustralia walipokwenda Uingereza mwaka 1880 walinuniwa, wakapata shida hata ya timu za kucheza nazo. Mwishoni ikapatikana mechi moja ya The Oval mwezi Septemba, ya kwanza ya Testi kwenye ardhi ya Uingereza, na Harris huyo huyo akakubali kuwa nahodha. Grace akapiga 152. Mlinda wiketi alikuwa Alfred Lyttelton. Kwa Harris kuchagua akiwa nyumbani, ambako walinda wiketi wapo tele, jina la Hone halikuwa na pa kuingilia. Mwaka huo huo ndio wa mwisho kwake kucheza mechi za daraja la kwanza. Akarudi Dublin.

Na hakuwa peke yake. Nilipoitazama orodha ya wale 11 wa Melbourne nikakuta sita hawakuichezea Uingereza tena: Hone, Absolom, MacKinnon, Royle, Webbe na Schultz. Zaidi ya nusu ya timu! Absolom huyo wa 52 alikuja kuwa karani wa meli, akafa Trinidad mwaka 1889 baada ya kuangukiwa na shehena bandarini. Royle akawa kasisi. MacKinnon, aliyeanguka katikati ya ile hat-triki, akawa mkuu wa ukoo wake wa Uskoti na akaishi hadi 1947, umri miaka 98.

Sasa lile nililoahidi. Kina Hone walipocheza hakukuwa na orodha rasmi ya mechi za Testi. Mwaka 1894 mwandishi wa habari wa Adelaide, Clarence Moody, alikaa akapitia mechi za nyuma akaamua mwenyewe zipi zihesabiwe. Orodha yake ndiyo iliyokuja kukubalika. Ile ya Januari 1879 akaitia ndani. Hone akafa Dublin, mtaa wa St Stephen's Green, tarehe 31 Desemba 1896, akiwa na miaka 43. Kwa hiyo heshima hii tunayomjadilia leo aliipata miaka 15 baada ya mechi, kwa kalamu ya mtu wa Adelaide, na alibakiwa na miaka miwili tu ya kuishi nayo.

Mimi binafsi naona Moody alikuwa mkarimu. Timu ya mabwana wenye nafasi na watu wawili wa kazi haikuwa Uingereza kamili. Lakini Australia nao wasingekubali ushindi ule ufutwe, na ukiufuta unaifuta hat-triki ya Spofforth.

Mdadisi wa Pwani

Hapo kwenye ukarimu siafikiani nawe, mkubwa. Ukianza kuchuja kwa ubora wa kikosi, hutabakiwa na mechi. Hata leo timu zinakwenda ziarani na majeruhi nusu kikosi na inahesabiwa.

Mzee wa Makavazi

Majeruhi ni kitu kingine, Mdadisi. Kule aliyeachwa aliachwa kwa kukosa nauli na ruhusa. Ila hoja yako naipokea nusu.

Nairobi Mashariki

Swali moja. Kama Ayalandi walikuwa na wachezaji hivi tangu zamani, mbona wamepata hadhi ya Testi juzi juzi?

Mzee wa Makavazi

Swali zuri. Enzi za Hone kriketi ilichezwa Ayalandi hadi vijijini, kaunti kama Kilkenny na Tipperary zilijaa timu. Kisha mwaka 1884 pale Thurles ikaundwa GAA, chama cha kufufua michezo ya asili ya Waairishi, harling (mchezo wa fimbo na mpira) na mpira wao wa miguu. Siasa za kudai ardhi na uhuru zikapamba moto, na kriketi ikaonekana mchezo wa wanajeshi na mabwana wa mashamba. GAA ikaweka marufuku: mwanachama akicheza michezo ya kigeni, nje. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1971. Hesabu vizazi vilivyopita hapo katikati.

Hadhi ya Testi wakapewa Juni 2017, pamoja na Afghanistan. Mechi ya kwanza Mei 2018 dhidi ya Pakistan, pale Malahide. Walifungwa, lakini Kevin O'Brien akapiga 118.

Na hapo kuna mtu ambaye Hone angemtambua upesi. Boyd Rankin, mrushaji mrefu kutoka Ireland ya Kaskazini. Januari 2014 aliichezea Uingereza mechi moja tu ya Testi, Australia, na uwanja wenyewe ni Sydney, ule ule uliovamiwa mwaka 1879. Mwili ukamgomea katikati ya mechi, hakuitwa tena. Tofauti ni kwamba Rankin alikuwa na pa kurudi: mwaka 2018 alivaa jezi ya Ayalandi kwenye ile Testi yao ya kwanza.

Kipa Namba Moja

Mzee, uzi umenyooka. Huyo Horan wa Cork je? Umempita haraka sana.

Mzee wa Makavazi

Horan ni habari ndefu. Alikuwa nahodha wa Australia, halafu akawa mwandishi wa kriketi gazeti la The Australasian kwa jina la Felix, miaka na miaka. Huyo anataka uzi wake peke yake. Wikendi nikipata bando la kutosha nitautupia, nikuite.

Nyanya Chungu

Na Hornby usimsahau. Nasubiri ngumi nyingine.